Yah: Kufungiwa Akaunti kwa Sababu ya Kutumia Linux

Kituo cha Tuisheni ya Jioni,
Mwanga,
Kigoma.

2 Machi 2026

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nasimamia kituo kidogo cha tuisheni hapa Mwanga, chenye wanafunzi sita wa kidato cha nne na kompyuta sita. Mwalimu wetu wa Fizikia alihamia Kasulu mwaka jana, na mimi mwenyewe ni wa Historia, kwa hiyo tarehe 6 Februari niliwalipa shilingi 240,000 kwa miezi mitatu ya vipindi vyenu mubashara vya intaneti, kila Jumatatu na Jumatano saa 10 jioni. Hadi mwisho wa mwezi vilikuwa vimepita vipindi sita. Sisi tumepata kimoja kizima na kingine cha kuokoteza. Tangu tarehe 18 akaunti yetu imefungwa kwa maelezo kwamba tumefanya "udanganyifu".

Kompyuta zetu ni za mtumba, core i3 za mwaka 2012, RAM ya GB 4. Zilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za umri huo. Nikazipiga Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Sikulipa hata senti, na zinawaka haraka kuliko zilivyokuwa. Kabla ya kuwatumia pesa nilisoma tangazo lenu mara mbili, maana nilijua nina kompyuta za aina gani: "Kompyuta yoyote, kivinjari chochote." Firefox ninayo, nikalipa.

Tarehe 9 Februari, saa 10 kasoro dakika tano, kompyuta zote sita zikaleta maneno yale yale: "Kifaa chako hakikidhi vigezo. Tumia Windows au Mac." Nikapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, simlaumu, ila jibu lake lilikuwa hili: "Mwalimu, hizo siyo kompyuta za kawaida. Zipelekwe kwa fundi zipigwe Windows." Nikamuuliza Windows ipi, ile iliyoachwa au ile isiyoingia? Akasema atanipigia. Mpaka leo.

Siku hiyo tulitumia simu yangu. Niliiegemeza kwenye chupa ya chai, vichwa sita vikaisogelea, na ubao wa mwalimu ukawa na herufi ndogo kama chawa. Binti mmoja alinakili kanuni ya mawimbi v = fx. Kwenye ubao ilikuwa v = fλ. Niligundua nilipokusanya madaftari, na kwa kuwa mimi ni wa Historia, niligundua kwa kulinganisha na kitabu.

Tarehe 11 mlinitumia faili la .exe, ambalo ni la Windows. Tulijaribu kulifungulia ndani ya Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux, dirisha likafunguka, maikrofoni haikuonekana, kipindi kikaisha tukiwa bado tunahangaika.

Jumatatu ya tarehe 16 akaja kijana anayetengeneza simu kibanda cha jirani. Akanieleza kwamba kivinjari kikifungua tovuti hujitambulisha kwanza: mimi ni Firefox, niko kwenye mfumo fulani. Akaingia about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox, akabadilisha utambulisho huo useme Windows. Hakugusa kitu kingine, wala hakusakinisha chochote. Darasa likafunguka, na likaenda saa moja na nusu bila kukwama: picha, sauti, ubao, kitufe cha kunyoosha mkono. Yule binti wa v = fx alinyoosha mkono, akauliza ile alama inasomwaje, na mwalimu wenu akamjibu vizuri sana. Kompyuta moja ilikataa kutoa sauti, lakini hilo lilikuwa kosa letu, spika zilikuwa zimezimwa kwenye mpangilio.

Kwa hiyo mitambo yenu inaiweza Linux. Kilichotuzuia ni mstari mmoja unaosoma jina na kufunga mlango. Na wala sishangai kwamba inaiweza. Picha na sauti zenu zinapita kwa WebRTC, njia ya kupitishia picha na sauti mubashara ndani ya kivinjari (ukurasa wenu wa msaada unasema hivyo), na WebRTC imekuwa kiwango rasmi cha wavuti tangu Januari 2021; Firefox ya Linux inayo sawa na ya Windows. Isitoshe, ile simu niliyoiegemeza kwenye chupa ni Android, na kiini cha Android ni Linux. Hiyo hamkuifungia.

Tarehe 17 niliwaandikia barua pepe kueleza tulichogundua, nikidhani nawasaidia, mkiondoa kizuizi na wengine wafaidike. Kesho yake, nusu saa kabla ya kipindi, akaunti ikafungwa. Ni kweli, kompyuta zetu zilijitaja kwa jina lisilo lake. Lakini tulishalipia viti vile sita, kwa majina yetu halisi, na hakuna mtu wa saba aliyeingia. Aliyeandika "kompyuta yoyote" si mimi.

Naomba akaunti ifunguliwe na kizuizi kiondolewe, ili wanafunzi waingie bila kujibadilisha jina. Vipindi vitano tulivyokosa au kuokoteza tupewe video zake, au mnirudishie fedha yake. Kama hamtaki kuihudumia Linux, hiyo ni biashara yenu, lakini basi tangazo lirekebishwe na nirudishiwe shilingi 240,000 zote. Na neno "udanganyifu" liondolewe kwenye kumbukumbu zangu kwa vyovyote itakavyokuwa, kwa sababu wazazi wa watoto hawa wameuona ule ujumbe.

Nasubiri jibu la maandishi kabla ya Jumatatu tarehe 16 Machi. Nisipolipata, barua hii na picha za skrini nitazipeleka Tume ya Ushindani. Nimeambatanisha risiti ya malipo, picha sita za skrini, na ukurasa wa daftari wenye v = fx.

Wenu,

Msimamizi wa Kituo
(namba ya simu ni ile ile mliyoahidi kuipigia)