Kuhesabu si kuimba namba

Bwana muhariri,

Mimi ni mama wa hapa Goma, mtoto wangu ana miaka 4, yuko materneli, yaani shule ya chekechea. Kila jioni ananiimbia namba kwa Kifaransa mpaka 20 bila kukosea, nafurahi sana, lakini juzi nikamwambia niletee viazi 5 akanimwagia kikapu kizima pale chini, ndo nikaelewa anajua wimbo tu, 5 yenyewe hajaijua. Walimu nawaheshimu kabisa, wako na watoto wengi kwa darasa moja, ila jamani mawe ya volkano yamejaa hapa kwetu kila kona, tena ya bure! Mtoto aguse moja aseme moja, aguse la pili aseme mbili, halafu muulize yote ni ngapi, akianza kuhesabu upya basi bado hajashika kwamba namba ya mwisho ndo jibu, mwache arudie.

Siku hizi naenda naye soko ya Virunga, anapanga nyanya, 4 huku, 3 kule, namuuliza wapi ni nyingi na umejuaje? Jana akajibu "hii moja imekosa mwenzake". Nilitaka kulia. Walimu, naomba muanzie kwa Kiswahili cha nyumbani na vitu vya kushika, kuandika 7 kwa kaye (daftari) kutakuja tu.

Mama wa Birere, Goma