Barua kwa mwanangu anayekwenda Kolwezi

Mwanangu,

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Wamekuchukua kazini huko Kolwezi, mji wa migodi, unaanza Jumatatu. Nilikuwa nimeifungua mashine ya kupukuchulia mahindi, nikanawa mikono, nikamwambia asome tena. Kisha nikamtuma akuulize kama kule wanatoa miwani ya kazi. Ukajibu: "Tutaona huko." Ndiyo sababu naandika, maana kwa simu ungenikatiza. Mtaona kwa kitu gani, macho yakishakwenda?

Habari ya jicho langu la kushoto unaijua, sitairudia. Ile kinga ya mashine ya kukatia chuma ilikuwa ndani ya mkebe wa misumari. Aliyeitoa ni nani, usiniulize, mama yako ameshauliza vya kutosha. Sasa imerudi mahali pake, na pale mashine isipofika ikiwa na kinga tutakata kwa msumeno wa mkono.

Wewe uliizoea hii atelye, karakana yetu, hujui inavyokulinda. Umeme wenyewe ni wa kubahatisha, kwa hiyo jenereta ikiunguruma kila mtu anajua leo tunachomelea. Majirani wanaleta simu zao kuchaji, watoto wanakuja na madaftari kwa sababu taa iko huku, mama yako anachambua sombe, majani ya muhogo, juu ya meza ya jiliwa ingawa nimekataza miaka yote. Wabeba makala, makaa ya kupikia, wanaoshuka mjini wanasimama, fremu za baiskeli zimepasuka kwa uzito wa magunia, na wakisubiri wanataka habari na maji ya kunywa. Nyumba ina sebule, lakini tangu lini ukamkuta mtu sebuleni? Sasa ukishika mashine bila miwani hapa, kila mdomo unakupigia kelele, na wa kwanza ni wa kambo yako, mzazi wetu mzee, ambaye hata haoni vizuri. Kule bandani mtakuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuzaa.

Basi sikiliza. Diski ya kukatia ina pete ya chuma katikati, imepigwa mwezi na mwaka wa mwisho. Isome. Diski iliyopita muda wake au iliyolala kwenye unyevu inapasuka. Watakuja vijana wenye haraka watakuambia ufunge diski kubwa ya milimita 230 kwenye mashine ndogo, eti inakata haraka. Ile kubwa mwisho wake ni kama mizunguko 6,600 kwa dakika, na mashine ndogo inakwenda 11,000. Akikuamuru mkubwa wako, mwambie baba yako amekataza. Akicheka, acheke.

Kwenye kuchomelea, kioo cheusi chenye giza namba 10 au 11. Ile miwani nyeusi ya mapambo uliyonunua soko la Kenya pale Lubumbashi ni ya kuendea misa. Na usisimame karibu na mwenzako anayechomelea ukidhani ule mwanga ni wake peke yake. Mchana hutasikia kitu. Usiku ndipo macho yatajaa mchanga. Hapa tuna ule mstari wa chokaa, watoto hawauvuki, kule hakuna wa kukuchorea.

Chembe ya chuma ikiingia jichoni usisugue, wala usimpe rafiki aitoe kwa njiti ya kiberiti. Inaanza kuota kutu humo humo. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, hata wakikata mshahara.

Mkono unao, siwezi kubisha. Ile plau ya jirani uliyoiunga msimu uliopita imelima udongo mgumu wote bila kufunguka, na mwenyewe amenitumia wateja wengine wawili ambao kwanza waliuliza: "Kijana yupo?" Sikufurahi sana kuulizwa hivyo, lakini nikawaambia yupo. Kitu kimoja: unaacha vyombo nje. Nimeokota spana namba 17 kwenye majani, imelowa umande. Mtu wa kuacha spana kwenye majani ataacha na miwani juu ya pipa la mafuta.

Yule wa burueti, lile toroli, bado hajalipa. Ulimkopesha wewe bila kuniuliza, kwa hiyo kabla ya kusafiri mpitie. Unga umepanda kama kila mwaka mvua ikikaribia, na mbegu bado sijamaliza kununua. Mbolea nitapata kidogo, nitaweka upande wa bondeni tu. Kuku wa mama yako wamegundua kwamba chini ya fuawe ni pazuri pa kutagia, na sasa siruhusiwi kupiga nyundo asubuhi.

Kambo anasema hujamuaga. Usipande basi kabla ya kufika hapa, hata kwa saa moja. Mama amekutengea godoro, karanga za kukaanga na blanketi lile zito. Ukipita Likasi, andika kwa simu ya dada yako, ya kwangu inazimika mpaka jenereta iwake.

Kuhusu minervali, ada ya shule ya mdogo wako, umesema utaituma kwenye mshahara wa kwanza. Usiitume. Nimeshaongea na shule, watangoja hadi tuvune mahindi. Nunua miwani kwanza, mbili, kwa sababu moja utaazimwa na haitarudi, kisha nitumie picha umeivaa.

Baba yako