Usifomati Diski kwa Sababu Folda Imekataa Kufunguka

Wateja wengi hutuletea diski iliyotolewa kwenye laptopu iliyokufa, au kompyuta iliyopigwa Windows upya. Folda ya picha inaonekana, jina ni lile lile, lakini ukiibofya unaambiwa huna ruhusa. Wengine wanafika kwetu wakiwa wameshaambiwa kwamba diski imeharibika, dawa ni kuifomati. Ndugu mteja, usikubali haraka hivyo. Mara nyingi picha zako zimo zote, salama kabisa.

Windows haikutambui kwa jina lako. Kila akaunti hupewa namba ndefu, kwa kawaida inayoanza na S-1-5-21, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye folda kama mmiliki. Ukipiga Windows upya unapata namba mpya, hata ukitumia jina na nywila zile zile. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha Security. Ukiona "Account Unknown" na tarakimu nyingi mbele yake, huenda huyo ni wewe mwenyewe wa zamani. Flashi nyingi hazina shida hii kwa kuwa zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo isiyotunza umiliki. Diski za Windows kwa kawaida ni NTFS, na NTFS inatunza.

Jaribu kwanza kitufe cha Continue kwenye ule ujumbe wa kukataliwa, ukiwa kwenye akaunti ya msimamizi. Mara nyingine kinatosha. Kikishindwa, rudi Security, ingia Advanced, na kwenye mstari wa Owner bofya Change. Andika jina la akaunti yako, bofya Check Names lithibitishwe, kisha OK. Weka tiki kwenye "Replace owner on subcontainers and objects", la sivyo utamiliki folda ya juu tu na zilizo ndani zitaendelea kugoma. Funga madirisha yote, fungua tena, ujiongezee ruhusa ya Full control. Kumiliki peke yake hakukupi ruhusa ya kusoma, na hapo ndipo wengi hukwama wakadhani wamekosea.

Fanya hivyo kwenye folda zako tu. Tunapokea kompyuta ambazo mtu amechukua umiliki wa diski C nzima, au amempa Everyone, yaani kila mtumiaji, ruhusa zote. Mafaili mengi ya mfumo yanamilikiwa na TrustedInstaller, akaunti ya ndani ya Windows yenyewe, tangu enzi za Windows Vista, na yana sababu ya kulindwa. Ukiyavuruga, masasisho na programu zinaweza kuanza kugoma, na kurekebisha huchukua muda mrefu kuliko tatizo la mwanzo.

Ukiona alama ya kufuli kwenye faili lenyewe, simama. Faili hilo huenda limesimbwa, yaani yaliyomo yamegeuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo, na umiliki hautalifungua. Panahitajika cheti cha akaunti ya zamani, ambacho ndicho chenye ufunguo huo. Ndiyo maana tunaomba uje kabla hujafuta Windows ya awali.

Ukitaka tukufanyie, njoo na diski au kompyuta pamoja na chaja yake. Tunanakili data kwanza, ndipo tunagusa ruhusa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski nzima, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Bila huo hatuwezi kuifungua, na hatutachukua pesa yako kwa kujaribu.