Dalali wa "cha juu" si wa kumpa kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaotafuta viwanja na nyumba hapa Kigoma, hasa walioko Dar es Salaam na Mwanza wanaonunua kwa simu. Kila mmoja huulizia dalali mwenye viwanja vizuri. Ni wachache wanaouliza dalali huyo analipwaje, na matatizo mengi huanzia hapo.

Malipo ni ya namna mbili. Ipo kamisheni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei ya kiwanja au nyumba, na inapungua kwa maelewano mali ikiwa ya bei kubwa. Kisha kuna cha juu. Mwenye kiwanja anataka milioni 9, dalali anakutajia 12, tatu zinaingia mfukoni mwake. Ubaya si hizo milioni tatu tu. Ili cha juu kipatikane, muuzaji na mnunuzi wasitajiane bei, na ikiwezekana wasionane kabisa. Ndiyo maana unaambiwa mzee anaumwa, au yuko Kasulu, au "kaniachia mimi kila kitu". Siku ya kuandikishana, mkataba unasomeka milioni 9, maana ndiyo bei anayoijua mwenye mali, na zilizobaki unazitoa pembeni bila risiti. Mauzo yakija kubatilika, karatasi itakutambua kwa milioni 9 tu. Na kama madalali wamepokezana mteja, wawili au watatu, kila mmoja ameshapachika chake kabla hujafika kwenye kiwanja.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kuona chochote, mwambie dalali kwamba kamisheni yake mtaiandika, na bei utaisikia kwa mwenye mali mwenyewe. Anayefanya kazi kwa haki atakubali. Wa cha juu atanuna, au atakwambia "hatufanyi hivyo huku". Tusiwaonee, lakini. Wanunuzi wengi huonyeshwa kiwanja, kisha wakarudi jioni kwa mlango wa nyuma kumalizana na mwenye mali, dalali akaambulia patupu. Karatasi hiyo inamlinda yeye pia. Nusu ukurasa unatosha: jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kiwanja chenyewe, kiasi cha kamisheni, nani anailipa, na kwamba ataipata muuzaji akishasaini fomu za uhamisho. Akilipwa siku ya kishika uchumba, yaani malipo ya awali, hutamwona tena. Fedha za kiwanja zipite benki, kwenye akaunti ya mwenye mali. Hela ya kuonyeshwa nayo muipange mara moja, isiwe kila mkipanda bodaboda.

Kabla ya hayo, muulize mwenyekiti wa mtaa kama anamfahamu dalali huyo na anajua anakokaa. Mwombe dalali akuonyeshe watu aliowauzia, uwatembelee bila yeye.

Hata aliye mwaminifu, kazi yake ni kutafuta. Kukagua ni kazi yako. Kiwanja kilichopimwa kina namba na kitalu, na kwa hati yenye usajili unaomba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa: unaonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani na kama kuna zuio. Ukiambiwa "hati iko benki kwa usalama", mara nyingi maana yake ni mkopo. Kwa eneo lisilopimwa hakuna cha kupekua, kwa hiyo mpeleke mpima achukue alama za pembe, kisha muulize mipango miji Manispaa kama ramani yao haijapitisha barabara au eneo la wazi hapo. Majirani wa pande zote nne washuhudie mipaka.

Hapo hapo angalia vipimo. Dalali akisema "ishirini kwa ishirini", muulize hatua au mita. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Hatua 20 za mtu wa kimo cha kawaida, sentimita 75 kila moja, ni mita 15, yaani mita za mraba 225. Karibu nusu ya eneo imepotea na hakuna aliyedanganya. Nunua futi kamba.

Viwanja vya "kuliona ziwa" upande wa Kibirizi, Bangwe na Katonga vinataka jicho la pekee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na Ziwa Tanganyika likipanda, kinachopimwa kiangazi hakifanani na kitakachobaki. Kwenye miteremko, rudi baada ya mvua kubwa uone korongo linapita wapi.

Ujiji nyumba nyingi ni za urithi. Anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na barua yake mkononi. Kikao cha ukoo hakitoshi, hata wakisaini watu kumi. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo mke au mume wa muuzaji asaini mbele ya wakili. Binti mkubwa "kwa niaba ya mama" asikubaliwe.

Ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa kwenye baadhi ya ofisi za mitaa kwa ajili ya muhuri wa mkataba, ombeni kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kabla ya kutoa senti. Isipotolewa, msilipe.

Mpima ardhi mstaafu,
Gungu, Kigoma