Wanafunzi waonyeshwe uga wa sumaku, wasikaririshwe tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie somo la sumaku na umemetuli, yaani umeme unaokaa juu ya kitu bila kutiririka, katika shule zetu. Mwanafunzi huambiwa kwamba ncha zinazofanana husukumana na zisizofanana huvutana, akakariri, akafaulu mtihani. Lakini akiuliza ni nini kinachokivuta chuma ambacho hakijaguswa, mara nyingi hujibiwa kwamba hiyo ndiyo asili ya sumaku. Jibu hilo linamdhulumu. Isaac Newton mwenyewe, akizungumzia kani ya mvutano katika barua yake ya mwaka 1693 kwa mwanatheolojia Richard Bentley, alikataa katakata kwamba kitu kinaweza kukiathiri kingine kilicho mbali pasipo chochote kuviunganisha.

Aliyetupatia njia ya kulijibu swali hilo ni mwanasayansi Michael Faraday wa London, mtoto wa mhunzi aliyeanza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Aliponyunyiza unga wa chuma kwenye karatasi iliyowekwa juu ya sumaku, chembe zilijipanga katika mistari iliyopinda kutoka ncha moja hadi nyingine, naye akashikilia kwamba nafasi inayoizunguka sumaku ina hali yake maalumu, ambayo leo tunaiita uga, na kwamba chuma huvutwa na uga uliopo pale pale kilipo. Baadaye mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu, katika andiko la mwaka 1865, kuwa badiliko lolote katika uga husafiri kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kumbe hata kani hii ya mbali haifiki papo hapo.

Umemetuli nao una mengi ya kuonyesha. Chanuo la plastiki lililosuguliwa kwenye nywele kavu huvuta vipande vya karatasi ambavyo chaji zake za umeme, chanya na hasi, zinalingana, kwa sababu uga wake husogeza kidogo chaji zilizomo ndani ya karatasi, upande wa karibu ukawa na chaji iliyo kinyume na ya chanuo. Atakayetazama kwa makini ataona baadhi ya vipande, vikishagusa chanuo, vinarushwa mbali, kwani vimepokea chaji ile ile. Huku kwetu Pwani jaribio hili hugoma wakati wa masika, si kwa kosa la mwalimu, bali kwa sababu unyevu hupitisha chaji ikapotea. Chanuo na karatasi vikianikwa juani kwanza, na nywele zisiwe na mafuta, mambo hubadilika.

Vifaa vyenyewe havihitaji bajeti: sumaku ya spika mbovu, karatasi, na unga unaodondoka fundi anapopiga chuma tupa. Nawaomba wakuza mitaala na walimu wenzangu tuhakikishe kwamba kila mwanafunzi ananyunyiza unga huo kwa mkono wake na kuichora mistari anayoiona, kabla kanuni ya ncha haijaandikwa ubaoni.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Tanga