Kabla sanduku halijafunguliwa: barua ya wazi kwa vikundi vya akiba vya Busia

Wanangu na ndugu zangu wa vikundi vya akiba hapa Busia, upande wetu wa Uganda,

Nawasalimu kwa amani. Baada ya muda si mrefu makatibu wenu watafunga hesabu za mwaka, washika funguo watatu watakaa mbele yenu na kufungua kufuli tatu za sanduku, na kila mwanachama atapokea hisa zake pamoja na faida iliyotokana na riba mliyolipana wenyewe kwa wenyewe. Nimehudhuria migao mingi ya namna hiyo, na kinachonisukuma kuandika ni kwamba fedha iliyokusanywa wiki baada ya wiki kwa jasho la mama muuza samaki na kijana wa boda boda huwa mara nyingi imekwisha kabla ya Mwaka Mpya kuingia, ilhali muhula wa kwanza wa shule haungoji zaidi ya mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari.

Sikuandika ili kuwanyima nyama ya Krismasi. Aliyekula posho na maharage mwaka mzima ana haki ya kuketi na jamaa zake mbele ya sinia la pilau, na mtoto aliyevaa gauni jipya kwenda kanisani ana furaha ambayo mzee kama mimi sina ruhusa ya kuidharau. Ndugu wa Kampala akilipa nauli iliyopandishwa kwa sababu ya msimu ili tu amwone mama yake, nasema fedha hiyo imefanya kazi yake. Ninachokitilia shaka ni kile kinachonunuliwa ili jirani akione: televisheni kubwa katika nyumba ambayo umeme wake unakatika kila juma, spika za kutikisa kijiji kizima, simu ya bei ya ng'ombe mikononi mwa mtu anayedaiwa karo. Muuzaji hana kosa, maana anatafuta riziki yake. Mwenye kununua ndiye anayepaswa kujiuliza anamnunulia nani.

Moyo wa binadamu huzoea upesi. Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani, Philip Brickman na wenzake, walichapisha matokeo ya mahojiano yao na watu 22 wa jimbo la Illinois walioshinda bahati nasibu, na wakaona kwamba washindi hao hawakuwa na furaha ya kutajika kuwazidi watu wa kawaida waliolinganishwa nao. Tena mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kupata kifungua kinywa, yaliwafurahisha kidogo kuliko yalivyowafurahisha wale wengine. Watu 22 ni wachache, nakubali, na sitaki mtu ajenge nyumba juu ya hesabu hiyo. Lakini yeyote aliyewahi kununua redio kubwa Desemba anajua jinsi ilivyokuwa kelele tu ilipofika Pasaka.

Uchunguzi mwingine unatuhusu zaidi, kwa kuwa Uganda ilikuwa ndani yake. Mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake walichapisha kazi iliyotumia takwimu za nchi 136, na katika sehemu moja waliwaomba watu wa Kanada na wa Uganda wakumbuke fedha waliyoitumia, wengine wakumbuke waliyojinunulia wenyewe na wengine waliyomnunulia mtu mwingine. Kote kuwili, waliokumbuka kumnunulia mwenzao kitu walijisikia wenye furaha zaidi, ingawa Mkanada na Mganda hawalingani kabisa kwa kipato wala hawatoi kwa sababu zilezile: huku kwetu mara nyingi tunatoa kwa sababu mtu ni mgonjwa au ana shida ya kweli. Basi yule anayempelekea nyanya yake sukari, sabuni na blanketi hajapoteza sherehe yake. Pengine yeye ndiye aliyeipata.

Sasa nigusie mikopo, maana hapo ndipo nawaona wengi wakiumia. Mkopo wa simu unaingia usiku kwa kubonyeza tarakimu chache, bila shahidi na bila haya, na mkopeshaji wa mtaani anataka kadi ya pikipiki iwe rehani. Bunge lilitunga sheria mwaka 2016 inayomtaka mkopeshaji wa namna hiyo awe na leseni. Muulizeni anayo, na asipoionyesha, ondokeni. Hata aliye na leseni, msimpe pikipiki inayowalisha watoto kwa ajili ya sherehe ya siku mbili.

Nawaomba wenyeviti walete jambo moja katika kikao kabla ya kugawana: kila mwanachama ataje mbele ya wenzake karo anayodaiwa, mbegu za msimu wa mvua za Machi na deni lolote, na kiasi hicho kitengwe kwanza, kipelekwe shuleni au kibaki sandukuni chini ya kufuli zilezile hadi Januari. Kinachosalia ni cha sherehe, na asiulizwe mtu amekitumiaje. Waume, msiwaachie wake zenu peke yao mazungumzo haya; mara nyingi mama ndiye aliyeweka akiba na baba ndiye anayechagua televisheni, na nyote mnajua kwamba sisemi uongo.

Aliyekwisha kukopa kwa ajili ya msimu huu asijifiche. Aende kwa mweka hazina wiki hii, kabla riba haijaongezeka, waangalie pamoja kama mgao wake unaweza kulifuta deni hilo siku ileile sanduku litakapofunguliwa.

Ni mimi mzee wenu,
Busia