Pimeni marudio kabla ya kuyauza

Ndugu Mhariri,

Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya akishasaga mawe kwenye karasha, akayaosha na kukamata dhahabu kwa zebaki, mara nyingi huondoka na chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwemo. Iliyobaki imo kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na hayo huachiwa mwenye karasha au huuzwa kwa bei ya kukisia. Nawaomba wachimbaji wapime kwanza.

Koleo moja la juu ya rundo halitoshi, maana mchanga mzito hutuama karibu na mdomo wa mfereji na tope laini huenda mbali. Toboa sehemu nyingi mpaka chini, changanya, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, rudia mpaka zibaki kilo mbili za kupeleka maabara. Majibu yakisema gramu 4 kwa tani na rundo lina tani 50, humo mna gramu 200. Plenti, yaani mtambo wa kuchenjua, ikitoa asilimia 70, hizo ni gramu 140. Bei ianzie hapo.

Lipo baya zaidi: kutia sainaidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, kwenye marudio ambayo bado yana zebaki. Sainaidi huyeyusha zebaki pia, hivyo sainaidi nyingine huliwa bure. Zebaki hiyo hunaswa na kaboni (mkaa wa kunasia dhahabu) pamoja na dhahabu, hufika hadi ilusheni, yaani pale dhahabu inapotolewa kwenye kaboni, na mvuke wake humwingia anayeyeyusha. Inayobaki majini husambaa kirahisi bwawa likivuja. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitaja kazi hii kati ya zile za kukomeshwa.

Tena zebaki si lazima. Mchanga upite taratibu juu ya mazulia, nayo yaoshwe mara kwa mara, kwani yakijaa, dhahabu laini hupita juu yake na kwenda zake. Kilichonaswa kipunguzwe kwa beseni au meza ya kutikisa, kisha kiyeyushwe kwa boraksi, unga unaosaidia dhahabu kuyeyuka na kujitenga na uchafu. Anayeshindwa kuiacha zebaki aitumie kwenye mchanga huo mchache tu, kamwe si ndani ya karasha, na aichomee kwenye ritoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wake.

Wenye vati, yaani matangi ya kuloweka marudio kwa sainaidi, nao: chokaa kwanza, sainaidi baadaye, na pH (kipimo cha ukali wa asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) isishuke chini ya 10. Ikishuka, sainaidi hugeuka gesi inayoua watu, na dhahabu inabaki mchangani.

Mchenjuaji wa dhahabu,
Geita